Insulini ilichomwa mbele ya macho yetu na sukari haikushuka: uchambuzi wa kisa cha wanafunzi wa udaktari wodini

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaofundisha wanafunzi wa udaktari wodini, na kwa wanafunzi wenyewe. Tarehe, vyeo na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa au kubadilishwa. Vipimo na mfuatano wa matukio vimeachwa kwa kadiri vinavyohitajika ili maamuzi yaeleweke. Niliendesha kikao cha tathmini baada ya tukio nikiwa na mwenzangu mmoja, na ninachoeleza kinatokana na faili, chati ya sukari na maelezo ya wahusika.

## Usuli: wanafunzi

Walikuwa sita, wa mwaka wa nne, katika mzunguko wa magonjwa ya ndani. Wiki ya kwanza walipewa dodoso la kupima uelewa wao wa kisukari, la aina ile inayotumika sana kwa wanafunzi: maswali ya kuchagua jibu, ya kweli au si kweli, na machache ya kujaza. Walifanya vizuri. Wote walijua mipaka ya utambuzi: sukari ya mfungo ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, 11.1 saa mbili baada ya kunywa glukosi, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) ya asilimia 6.5. Walitenganisha aina ya kwanza na ya pili bila kusita, wakataja madhara ya macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu. Mmoja aliongeza kwa kalamu kwamba HbA1c haiaminiki kwa mgonjwa ambaye chembe zake nyekundu huvunjika mapema, kama mwenye selimundu. Si kila daktari aliyehitimu anayelikumbuka hilo.

Walikwama katika maswali manne yaliyoongezwa mwishoni na muuguzi wa kliniki ya kisukari, maswali ambayo hayakuhesabiwa kwenye alama. Kichupa cha insulini kikishafunguliwa kinatumika kwa muda gani? Insulini yenye rangi ya maziwa inaandaliwaje kabla ya kuvutwa? Mgonjwa achome wapi, na ahame vipi kutoka sehemu moja kwenda nyingine? Kwa nini bomba lililopimwa kwa insulini ya yuniti 40 kwa mililita lisitumike kwa insulini ya yuniti 100? Wengi waliacha wazi. Mmoja aliandika: "Muuguzi atamwelekeza." Kama maelezo ya jinsi mambo yanavyokwenda katika wodi nyingi, jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa.

## Usuli: mgonjwa

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 50 na kitu, mwenye kilo 62, aliyeishi na kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka 10. Vidonge vilikuwa vimeacha kumtosha, na kwa miaka 6 alikuwa akijichoma insulini mchanganyiko ya 30/70 (asilimia 30 ya muda mfupi, 70 ya muda wa kati) asubuhi na jioni, kwa bomba na kichupa. Alikuwa pia na presha, akitumia dawa ya kundi la vizuia-beta. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa ndani ya mwaka, na kila mara malalamiko yalikuwa yale yale: kiu, kukojoa mara kwa mara, kukonda. HbA1c ilikuwa asilimia 11.4.

Alipolazwa mara ya kwanza, faili liliandikwa maneno mawili yaliyopigiwa mstari: *hafuati dawa*. Alipolazwa mara ya pili maneno hayo yalinakiliwa, safari hii bila mstari, kana kwamba yamekwisha kuwa sehemu ya historia yake kama umri na uzito. Kila aliporuhusiwa dozi iliongezwa. Sasa alikuwa amefika yuniti 44 asubuhi na 30 jioni, jumla 74, yaani karibu yuniti 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Wapo wagonjwa wa aina ya pili wanaofika huko na kupita, lakini mara nyingi ni wenye uzito mkubwa na miili inayokinzana sana na insulini. Huyu alikuwa mwembamba, na alikuwa anazidi kukonda.

Kulikuwa na dalili nyingine ndani ya faili. Mara zote mbili za mwanzo, wodini alisimamishiwa mchanganyiko wake akapewa insulini ya muda mfupi kulingana na kipimo, akichomwa mkononi na wauguzi. Sukari ilishuka ndani ya siku 2, tena kwa yuniti chache kuliko za nyumbani. Aliyeisoma chati ile huku ana maneno "hafuati dawa" kichwani aliona ushahidi: si unaona, akisimamiwa inashuka? Lakini chati hiyo hiyo ilikubali maelezo ya pili, kwamba kilichobadilika wodini ni *mahali sindano ilipoingia*. Ushahidi mmoja ulibeba maelezo mawili, na kwa karibu mwaka mzima ni moja tu lililosomwa.

## Yaliyotokea

Siku ya kwanza daktari bingwa aliamua kwamba safari hii mgonjwa aendelee na dozi yake ya nyumbani na ajichome mwenyewe, muuguzi akiwa amesimama kando. Alitaka kujua kama madai ya kutofuata dawa ni ya kweli kabla ya kugusa dozi. Ulikuwa uamuzi wa busara, na bila huo pengine mgonjwa angetoka kwa mara ya tatu na yuniti nyingi zaidi.

Siku mbili zikapita. Sindano zote zilichomwa kwa wakati, zikashuhudiwa, zikatiwa saini. Sukari ilibaki kati ya 16 na 19.

Kwenye raundi ya siku ya pili mwanafunzi aliyewasilisha alipendekeza dozi ipandishwe hadi 50 na 34. Daktari bingwa alikataa. Aliwaambia warudi mchana na sababu za insulini iliyochomwa mbele ya macho yao kutofanya kazi. Walirudi na orodha nzuri: maambukizi yaliyojificha, insulini iliyoharibika, dawa za steroidi. Mkojo ulipimwa, kifua kikapigwa picha, joto la mwili likakaguliwa, hakuna kitu. Steroidi hakuwa akitumia. Kichupa chake kilibadilishwa kwa kipya kutoka jokofu la wodi, na sukari haikutikisika. Orodha ya kitabuni ikaisha.

Asubuhi ya siku ya tatu mwanafunzi mmoja, mkimya kati ya wale sita, alienda kitandani kabla ya saa ya sindano.

"Shikamoo mama. Naomba unioneshe unavyochoma, kuanzia mwanzo kabisa, kama vile mimi sipo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo."

Mama alisoma tarehe kwenye kichupa. Akakiviringisha taratibu katikati ya viganja, akakigeuza juu chini mara kadhaa mpaka dawa ikawa nyeupe sawasawa. Mwanafunzi akauliza sababu.

"Usipoichanganya hii nyeupe inalala chini, unavuta maji matupu. Ninyi hamfundishwi?"

Aliingiza hewa kwenye kichupa kwa kiasi cha dozi, akavuta dawa, akagonga bomba kwa ukucha hadi mapovu yakapanda, akayasukuma nje, akainua bomba usawa wa jicho na kuhakiki mstari. Katika kikao cha tathmini mwanafunzi alikiri kwamba yeye mwenyewe asingeweza kufanya hatua zile kwa mpangilio ule. Kisha mama akasogeza nguo na, bila kuangalia, akaingiza sindano kushoto mwa kitovu.

"Mama, huwa huchomi kwingine?"

"Kwingine kunauma. Hapa hapaumi hata kidogo."

Kwa macho hapakuonekana kitu alipolala. Alipoketi, mwanga ukipiga kwa ubavu, upande wa kushoto wa tumbo ulionekana umejaa kidogo kuliko wa kulia. Mwanafunzi aliomba ruhusa, akapaka jeli ile ya utrasaundi kwenye vidole na kuvipitisha polepole kutoka ubavuni kuelekea kitovuni. Ngozi laini ikaishia kwenye ukingo, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachonesa kama mpira, kipana karibu sentimita 5. Kulia kulikuwa na kingine, kidogo zaidi. Katikati ya fundo la kushoto kulikuwa na vitobo vya sindano, vimerundikana eneo lisilozidi upana wa vidole viwili.

Mwanafunzi alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Daktari bingwa alikuwa kliniki, daktari wa wodi alikuwa na mgonjwa mahututi. Mwanafunzi alimwambia mama asichome tena tumboni. Mchana alimwambia muuguzi wa zamu: "Sista, jioni achome pajani, tumbo lina mafundo." Aliandika yote kwenye daftari lake ili ayawasilishe kesho kwenye raundi. Ndani ya faili hakuandika chochote, wala dozi haikutajwa na mtu yeyote.

Saa 12 na nusu jioni mama alichoma yuniti 30 pajani.

Karibu saa 9 usiku mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwita muuguzi. Mama alikuwa amelowa jasho mpaka shuka, anajibu mambo asiyoulizwa. Hakuwa akitetemeka, na mapigo ya moyo yalikuwa 72. Muuguzi hakusubiri mtu. Alichoma kidole na kupima: 2.3. Alimpa gramu 25 za glukosi kwa mshipa kisha akampigia daktari wa zamu. Dakika 15 baadaye sukari ilikuwa 5.9 na mama alijua yuko wapi. Alipewa chakula na kupimwa kila saa mpaka asubuhi, kwa sababu sehemu ya muda wa kati ya insulini ile ilikuwa bado kazini. Saa 11 alfajiri ilirudi 3.6, ikarekebishwa kwa kinywaji cha sukari.

## Maamuzi ya asubuhi iliyofuata

Lilikuwepo pendekezo la kumrudisha tumboni "mpaka hali itulie". Mama mwenyewe alilitaka, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko ya waliomsikiliza: miaka 6 alichoma tumboni na hakuwahi kupoteza fahamu, usiku mmoja wa pajani nusura afe. Daktari bingwa aliketi kando ya kitanda na kumweleza kwamba dawa aliyokuwa akiichoma kwenye fundo ilikuwa inaingia mwilini kidogo kidogo na bila mpangilio, kwamba dozi yake ilikuwa imepandishwa kufidia hilo, na kwamba usiku ule ndipo yuniti 30 zilipomfikia zote kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mama alikaa kimya, kisha akauliza ni nani aliyemwongezea. Akajibiwa ukweli: sisi.

Dozi ilishushwa hadi yuniti 36 kwa siku, 24 asubuhi na 12 jioni, karibu 0.6 kwa kilo, kisha ikapandishwa taratibu kwa kufuata vipimo. Insulini haikusimamishwa kabisa, kwa sababu mwenye HbA1c ya 11.4 anayekonda anaihitaji. Hofu ya kushuka kwa sukari isingekuwa sababu ya kumwacha apande tena. Tumbo lote la kuzunguka kitovu lilipigwa marufuku kuchomwa sindano. Akachorewa ramani ya mapaja na makalio upande wa juu wa nje, abaki eneo moja kwa wiki kisha ahame, na kila sindano iwe mbali na ya jana kwa angalau upana wa kidole. Ilibainika pia kwamba sindano moja aliitumia mpaka iwe butu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuona kuwa ni jambo la kusema.

## Matokeo

Aliruhusiwa siku ya saba akiwa na yuniti 26 na 14, jumla 40, sukari ikiwa kati ya 7 na 11. Yaani pungufu karibu nusu ya dozi aliyoingia nayo, na sukari nzuri kuliko alivyoingia. Miezi 3 baadaye HbA1c ilikuwa 8.2. Fundo la kulia lilikuwa karibu limeisha, la kushoto limelegea lakini lipo. Alisema waziwazi kwamba siku akiwa amechoka bado hulirudia. Maneno "hafuati dawa" yalikatwa kwenye faili, pakatiwa tarehe na saini.

## Uchambuzi

### Dodoso lilipima nini

Mwaka 1990 George Miller alipendekeza kuutazama uwezo wa daktari kama piramidi yenye ngazi nne: anajua, anajua jinsi ya kufanya, anaonyesha anavyofanya, na juu kabisa, anafanya kweli kazini. Dodoso la wiki ya kwanza lilikaa ngazi ya chini, likiigusa ya pili mara chache. Hilo si kosa la dodoso. Kosa ni kuchukua alama zake na kusema wanafunzi "wana uelewa mzuri wa kisukari", sentensi ambayo hukaa vizuri kwenye ripoti na kuwatuliza wote wanaoisoma. Wanafunzi hawa walijua kwamba insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921 na wakawataja Banting na Best. Ambalo somo halikuwaambia ni kwamba mgonjwa wa kwanza kupewa, mvulana wa miaka 14, Januari 1922, aliota jipu pale alipochomwa, na ikabidi dawa isafishwe upya na mwanakemia James Collip kabla ya kumfaa. Tangu siku ya kwanza suala la mahali pa sindano lilikuwa mezani.

Kuna sababu ya pengo hili kuwa pale lilipo. Sindano, vichupa, hifadhi na ngozi vimegawiwa wauguzi. Kongosho, vipokezi na dozi vimegawiwa madaktari. Mgawanyo huo una faida zake. Ila fundo la mafuta linakaa juu ya mpaka kabisa: lipo kwenye ngozi, na matokeo yake yapo kwenye dozi. Muuguzi aliyelijua hakuwa na kalamu ya dozi, na mwenye kalamu hakuwa na desturi ya kugusa tumbo la mgonjwa wa kisukari isipokuwa kutafuta ini.

Kwa msomaji asiyelifahamu: fundo hili ndilo tatizo la ngozi linaloonekana zaidi kwa wanaochoma insulini. Insulini yenyewe hukuza chembe za mafuta, na ikichomwa pale pale kila siku, hasa kwa sindano iliyokwisha makali, mafuta ya mahali hapo huongezeka na kukakamaa. Mgonjwa hupapenda kwa sababu hapaumi. Dawa inayoingia hapo hunyonywa polepole na kwa namna isiyotabirika, leo kidogo, kesho zaidi. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hawa hupanda na kushuka ovyo bila kula tofauti. Na mara nyingi fundo hupatikana kwa vidole kabla halijaonekana kwa macho, kwa hiyo anayesimama mguuni mwa kitanda hatalipata kamwe.

### Maneno mawili kwenye faili

Wapo wagonjwa wasiotumia dawa zao, na daktari asiyelifikiria hilo hafanyi kazi yake. Tatizo la maneno yale lilikuwa kwamba yaliandikwa kama jibu wakati hakuna aliyekuwa ameuliza swali. Nilisoma kurasa zote za kulazwa mara ya kwanza. Hamna sentensi moja inayoeleza jinsi ilivyofahamika kwamba hafuati dawa. Sukari ilikuwa juu, basi.

Baada ya hapo kila kitu kiliyatii. Sukari ikipanda nyumbani, hafuati. Ikishuka wodini, kwa sababu anasimamiwa. Dai ambalo linathibitishwa na kupanda na kushuka halijathibitishwa na chochote. Na tazama tendo lililofuata: kila mara dozi iliongezwa. Kama kweli tuliamini hachomi, kumwongezea yuniti ambazo hachomi kungemsaidia nini? Na siku akiamua kuzichoma zote, ingekuwaje? Swali hilo nililiweka mbele ya wanafunzi kwenye kikao, na ndilo lililowaingia zaidi ya yote, kwa sababu halihitaji maarifa yoyote ya ziada, linahitaji tu mtu aamini anachokiandika.

Mpangilio ambao ungelipata fundo mwaka mmoja mapema ni mfupi. Gawanya yuniti za siku kwa kilo za mgonjwa na ujiulize kama jibu linafanana na mwili unaouona. Kagua kichupa: tarehe, rangi, kama kiliwahi kuganda au kukaa kwenye joto, kama bomba linalingana na nguvu ya dawa. Mwombe achome mbele yako bila kumsaidia. Pitisha vidole. Tafuta maambukizi na dawa zinazopandisha sukari. Suala la dozi zilizorukwa liulize mwishoni, kwa sauti ya kawaida: "Wengi huruka moja mbili kwa wiki, wewe je?" Dakika 10 zinatosha, na nyingi katika hizo ni za kumtazama mtu akifanya kazi anayoijua.

### Ugunduzi uliobaki nusu

Mwanafunzi aliona kile ambacho wakubwa zake hawakukiona, na ndani ya saa 24 mgonjwa akawa na sukari ya 2.3. Lingekuwa kosa kubwa kumfundisha kwamba asingegusa. Kilichokosekana ni hatua iliyofuata. Mapendekezo ya kimataifa kuhusu uchomaji wa insulini yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaeleza wazi kwamba mgonjwa anayehamishwa kutoka kwenye fundo huenda akahitaji dozi ndogo zaidi na apimwe kwa karibu. Mwanafunzi hakuyajua. Lakini hata bila kuyajua, angeweza kufika hapo kwa miguu yake: dozi ya mama yule ilikuwa imepimwa kwa kipimo cha fundo, si cha mwili wake. Alijua unyonyaji ni mbaya. Alijua dozi ilipandishwa kwa sababu sukari haishuki. Mambo hayo mawili yalikaa katika kurasa tofauti za kichwa chake.

Kuna suala la pili, ambalo wengine kwenye kikao walitaka lipite haraka. Wodini kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Muuguzi alisikia "achome pajani" akalipokea kama agizo, mwanafunzi akalitoa kama ushauri, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ni lipi kati ya hayo mawili. Lingeandikwa kwenye faili, lingepita mikononi mwa mwenye kuandika dozi, na kuna uwezekano mkubwa angeuliza kuhusu zile 30. Ningependa kusema mwanafunzi alivuka mipaka, ila sikuweza kuonyeshwa popote mipaka yenyewe ilipoandikwa.

### Usiku

Sehemu hii ilikwenda vizuri, na sababu ni moja: muuguzi alikuwa na ruhusa ya maandishi ya kutibu sukari iliyo chini ya 3.9 bila kumsubiri daktari, na alikuwa ameshaitumia mara nyingi. Glukosi ilikuwa kwenye troli, si stoo. Alipima kwanza, hakudhani kwamba mama ana malaria ya kichwa au kiharusi.

Kwenye kikao mwanafunzi mmoja aliuliza, kwa mshangao wa dhati, mbona mgonjwa hakutetemeka na moyo haukwenda mbio. Orodha ya dalili aliijua yote. Dawa yake ya presha pia aliijua, na alipoulizwa vizuia-beta hufanya nini alieleza bila kosa: vinaziba kutetemeka na mapigo ya kasi, jasho vinaliacha. Alipomaliza sentensi yake mwenyewe alinyamaza, kisha akacheka.

### Kilichobadilishwa

Maswali manne ya muuguzi sasa yanahesabiwa kwenye alama. Wiki ya kwanza ya mzunguko, kila mwanafunzi huvuta maji ya chumvi kwa bomba la insulini na kujichoma mwenyewe chini ya ngozi, kwa hiari yake. Wachache hukataa na hawalazimishwi. Muuguzi wa kliniki ndiye anayefundisha, na daktari huketi upande wa wanafunzi. Wagonjwa wenye mafundo, wakikubali, huja kuguswa na vidole vingi vya kujifunza. Mama wa kisa hiki amekuja mara kadhaa na hufundisha kuchanganya kichupa kwa ukali unaozidi wa muuguzi.

Zoezi limeonyesha udhaifu wake pia. Miongoni mwa wale sita, wawili walipofika mzunguko mwingine waliandika tena "hafuati dawa" kwenye faili la mgonjwa ambaye hawakumtazama akichoma. Mmoja alipoulizwa alisema huko hakuna anayegusa matumbo, akaogopa kuonekana anapoteza muda wa raundi. Ujuzi aliupata, desturi ya wodi ikamzidi nguvu. Hilo halitatuliwi kwa somo la wanafunzi, na tulichoweza kukubaliana na wakuu wa wodi nyingine hadi sasa ni kimoja: mwenye kuandika maneno hayo aandike mstari ule ule alijuaje, na kama mgonjwa alitazamwa akichoma. Wodi mbili zimekubali. Mmoja wa wakuu waliobaki anasema faili si mahakama, na mjadala bado unaendelea.